Vidonge Ulivyovifunga kwa Safari

Atim mwanangu,

Nakusikia unavyocheka huko kwa jirani yetu Nakato. Anakusuka nywele za safari, na kuta za nyumba hizi za kupanga hazijui kutunza siri, kwa hiyo nasikia hata anapokuvuta kichwa na wewe unavyomgombeza kwa Kiganda. Cheka tu. Mimi nimefunga mlango, nimekaa mezani na kalamu, nataka nimalize kabla hujarudi. Ukinikuta na kuniuliza ninaandika nini, nitakwambia nafanya mazoezi ya mwandiko, halafu barua hii nitaichana. Najijua.

Sitakuandikia mambo ya kila siku. Kufunga begi unajua kuliko mimi. Kutunza pasi yako mpakani, kuwaamkia wakubwa, kutowaamini watu wanaocheka sana, yote hayo nimeyasema mpaka masikio yako yameota sugu. Mwanza utafika. Watoto utawafundisha hicho Kiingereza wanachokisifu kwa walimu wa Uganda, na Kiswahili chetu cha kambi ya polisi watakicheka mpaka wachoke wenyewe. Usiwakasirikie, wana haki. Mimi nilikisoma vizuri Tabora nilipokuwa kijana mkimbizi, lakini wewe nilikulea kati ya mapolisi, na Kiswahili cha mapolisi ni cha kuamrisha tu.

Ninachokiandika ni kitu kimoja, na ni kitu ambacho baba hamwambii binti yake. Kwetu Acholi hamwambii, kwa akina mama yako Arua hamwambii, na hapa Kampala pia sijamsikia baba aliyethubutu. Basi nikitaje sasa hivi, nisizunguke kama mtuhumiwa. Ni mkojo wako, na dawa uliyopewa kliniki.

Usiitupe barua. Kaa chini, mama, endelea kusoma.

Leo mchana ulipokwenda Kisenyi kuwaaga wenzako, Nakato alinikuta kibarazani. Akapiga magoti kidogo, kama wasichana wa Kiganda walivyofundishwa, akasema, "Mzee, webale nyo, asante sana. Atim iko mtoto mzuli sana. Ile dawa yake ya mkojo aligawia mimi, sasa nasikia mzuli. Hata yeye nasikia mzuli. Ile imebaki ameweka ya safali." Alikuwa anakusifu, maskini. Anadhani amempelekea mzee habari za kumfurahisha kwamba binti yake hana choyo. Nikamshukuru. Nikaingia ndani, nikakaa kitandani, kofia bado kichwani.

Utauliza kwa nini mzee aliyekamata majambazi anaogopa vidonge. Ngoja nikwambie.

Unachokijua juu ya kifo cha mama yako ni kile nilichokwambia mwenyewe, kwamba ilikuwa malaria. Nimewaambia wote hivyo, wa kwangu na wa kwake. Malaria haina aibu, nchi hii kila mtu ana malaria yake. Lakini mama yako hakufa kwa malaria. Alikufa kwa ugonjwa wa mkojo uliopanda mpaka kwenye figo, na dawa zilizowahi kumsaidia kila mtu kambini zikashindwa kumsaidia yeye.

Wewe kambi unaikumbuka kama mahali pa kucheza. Mimi naikumbuka vingine. Ilikuwa baada ya vita vilivyowaweka watu wa kusini madarakani. Sisi watu wa kaskazini tuliobaki katika polisi tulitembea kwa kunyata, hatukujua nani anatuhesabu kuwa adui. Hospitali ukienda unapewa karatasi, dawa ukatafute mwenyewe. Basi wanawake wa kambi wakatengeneza utaratibu wao. Kila aliyepata dawa alimeza mpaka aliposikia nafuu, na zilizobaki alizirudisha kwenye mkebe. Mkebe ulikaa nyumbani kwetu, ulikuwa wa majani ya chai, kwa sababu mama yako hakujua kumwambia mtu hapana. Mtoto wa jirani akikohoa, mama yake anakuja mlangoni: "Mama Atim, ile ya langi mbili bado iko? Nipe tatu tu." Hakuna aliyejua jina la dawa. Tulizijua kwa rangi. Nyekundu na nyeusi kwa kifua, nyeupe kubwa kwa tumbo, ya njano kwa kidonda. Hiyo unaifungua unanyunyiza unga wake juu. Na kumaliza dawa yako peke yako, wakati umeshapona na mtoto wa mwenzako anaumwa, ilikuwa ni uchoyo. Watu wangekusema kisimani.

Mimi nilijivunia mkebe ule. Nilikuwa nawaambia wenzangu zamuni kwamba nyumbani kwangu kuna hospitali. Hatukuwa watu wabaya, Atim, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tulikuwa tunasaidiana, na kusaidiana kwetu ndiko kulikotuharibia.

Sasa nifike pale pagumu.

Siku moja tunakula, mama yako akaniambia kwa sauti ya chini kwamba akienda haja ndogo anaungua, na kila mara anataka kwenda tena na hakitoki kitu. Mwanamume mwenye akili angesema pole. Mimi niliweka tonge chini nikamuuliza, "Umeitoa wapi?"

Ndivyo nilivyomuuliza mke wangu. Sisi wanaume wa kambi tulijua jina moja tu la kuungua, nalo ni zinaa. Akasema, "Mimi natoa wapi? Mimi iko kwa nyumba yako kila siku." Akakusanya sahani. Tangu siku ile hakunitajia tena, na mimi kwa upumbavu wangu nikadhani amepona.

Baadaye sana ndipo nilipoelezwa, na daktari kijana aliyekuwa amechoka kuliko mimi, kwamba ugonjwa huu mwanamke anaupata hata kama hajaguswa na mtu. Vijidudu vinatoka kwenye mwili wake mwenyewe, na njia yake ya mkojo ni fupi. Wasichana wadogo wanaupata. Vikongwe wanaupata. Zinaa nayo inaweza kuunguza, alisema, ndiyo maana mtu anapimwa badala ya kuhukumiwa. Akaniuliza kama kambini choo kiko mbali. Nikasema kiko mbali, na ni cha watu wote, na askari wanakaa njiani wakinywa waragi. Akaniuliza kama mama yako alikuwa akibana mkojo na kupunguza maji ili asiende. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile na sikujua mke wangu anakunywa maji kiasi gani.

Lakini hapo nimejitangulia. Kabla ya daktari, mama yako alijitibu kwenye mkebe. Sikuwepo, ila mama Okello, jirani yetu, alinisimulia baada ya matanga huku analia. Alimpa kapsuli za rangi mbili akamwambia, "Kula hizi, ukisikia mzuri wacha, ingine rudisha." Mama yako akala, akasikia vizuri, akazirudisha. Ugonjwa ukarudi. Akachukua nyeupe. Akasikia nafuu, akaacha. Ukarudi tena. Hivyo hivyo, msimu mzima wa mvua, mumewe akirudi zamu anakuta chakula mezani na mke anatabasamu.

Kilichomtoa hadharani ni mkono. Nilimwona anainua ndoo, akaiacha, akashika mgongo upande mmoja, chini ya mbavu. Nikamuuliza nini. Akasema, "Ni ndoo tu." Nami nikaamini ni ndoo. Usiku wa pili alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, na anatapika hata maji. Wazee wa Tabora walitufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Katika mtihani nilikamilisha methali ile bila kukosea hata herufi. Nyumbani kwangu aliyeficha ni mama yako, na aliyemfundisha kuficha ni mimi.

Hospitalini daktari yule aliniuliza, "Afande, amekula dawa gani?" Nikasema nyekundu na nyeusi, na nyeupe, na nadhani ya njano. Akauliza kwa siku ngapi. Nikasema mpaka aliposikia nafuu. Akaweka kalamu chini. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Alisema, "Hawa wadudu mmewapiga nusunusu. Kila wakianguka mnawaacha, wanainuka. Sasa wamebaki wale wenye shingo ngumu." Akajaribu sindano moja, akajaribu nyingine. Siku ambayo aliniambia niwaite ndugu, mama yako alifungua macho akanishika mkono. Akasema, "Baba Atim, hii ugonjwa mimi hapana toa kwa mtu."

Nikamwambia alale. Ndilo neno nililompa. Sikusema najua, sikusema nisamehe. Nilisema, "Lala." Na alilala, na hakuamka.

Nimenyamaza na jambo hilo tangu ulipokuwa unanyoa ndevu za mahindi ukizifanya nywele za mwanasesere. Kama hasira itakupata ukisoma hapa, ni haki yako. Kaa nayo kidogo, lakini usiache kusoma, kwa sababu sasa ninafika kwako.

Leo baada ya kuzungumza na Nakato nilikwenda kliniki uliyotibiwa. Ungeniona ungecheka. Foleni nzima ya wanawake wenye mimba, na mzee mmoja katikati na kofia mkononi. Nilipofika dirishani nikamwambia nesi kwamba binti yangu ana ugonjwa wa mkojo. Nilidhani nimenong'ona. Nadhani hata boda boda wa nje walisikia. Nesi akasema, "Taata, mambo ya mtoto wako mimi siwezi kusema, hata kama iko mtoto wako. Lakini uliza, nakwambia ya watu wote." Nilimheshimu kwa hilo, na wewe ujue hakunifungulia chochote chako.

Nikauliza ya watu wote. Nilimweleza kwamba Nakato, tulipokuwa tunaagana kibarazani, aliniambia mkojo wa mtu fulani umekuwa wa rangi ya chai ya mkandaa na wote wawili wakaogopa. Akacheka, akasema dawa nyingine za mkojo hufanya hivyo, rangi peke yake haina ubaya, na mtu angerudi kuuliza angeambiwa. Akasema dawa za namna hiyo zinamezwa na chakula, tumbo likiwa tupu zinachefua. Nikakukumbuka jana asubuhi umekataa uji, halafu ukatafuna vile vidonge vyeupe vya kiungulia. Nikamuuliza hivyo navyo. Akasema ndiyo, hivyo vinaweza kuizuia dawa isifanye kazi, mtu aulize kabla ya kuchanganya.

Halafu nikamuuliza kuhusu mtu aliyegawa dawa yake. Hapo hakucheka. Alisema, "Sasa iko wagonjwa wawili, na hakuna mwenye dozi." Ya kwako ilipimwa kwa ajili yako, baada ya kukuuliza maswali. Nakato hakuna aliyemuuliza kitu. Hujui kama ana mimba. Hujui dawa gani inamdhuru. Wewe mwenyewe ulipokuwa darasa la pili nilikununulia dukani vidonge vya salfa kwa homa, midomo ikakuvimba, macho yakafumba, nikakimbia nawe barabarani bila viatu. Hilo useme kila mahali watakapotaka kukuandikia dawa, Mwanza au mbinguni: salfa inanidhuru. Usingoje wakuulize. Na Nakato nitamwambia mimi aende akapimwe, nimeshamaliza aibu yangu ya mwaka huu.

Akasema pia kwamba aliyeacha dawa njiani asiendelee kivyake na vile alivyoficha, wala asikimbilie duka la dawa kununua vya kufanana. Arudi, aseme ukweli, alimeza vingapi na vingine vilikwenda wapi, apimwe mkojo tena. Hawatamfukuza. Kama kuna la kumwambia nesi ambalo huwezi kuniambia mimi, mwambie yeye. Sitakuuliza. Nasema kwa kiapo cha polisi, kama bado kina thamani: sitakuuliza umeitoa wapi, leo wala kesho.

Mwisho akaniambia alama za hatari. Homa, kutetemeka, kutapika, maumivu ya mgongo chini ya mbavu. Mwenye hayo hangoji kuche. Nilimshukuru nikarudi nyumbani polepole, nikijiambia kwamba wewe huna hata moja.

Halafu jioni hii, kabla hujaenda kusukwa, uliinua beseni la nguo. Nikakuona unaliweka chini, na mkono wako ukaenda nyuma, chini ya mbavu, upande wa kulia. Ukaniona nakutazama, ukautoa haraka. "Niko sawa, Baba. Ni begi, nililibeba vibaya."

Nilikuja nikakugusa paji la uso, nikasingizia mbu. Sikusikia joto. Lakini mimi si daktari, nimeshawahi kuamini maneno ya ndoo, na sitayaamini ya begi.

Najua kwa nini unajikaza. Unaogopa shule itampa nafasi yako mtu mwingine kama hukufika siku waliyosema. Unaogopa kuanza maisha kwa watu wageni ukiwa mgonjwa wa ugonjwa usiotajika, ndiyo maana umejiwekea vidonge vya akiba. Na nilikusikia ukimwambia Nakato kwamba kesho hutakunywa maji tangu asubuhi, eti basi la Mwanza halisimami kwa sababu ya mkojo wa mtu mmoja. Siku utakaposafiri, kunywa maji. Ukibanwa, nenda mbele umwambie dereva asimame. Atanuna. Mwache anune, hata mimi nilikuwa nanuna kazini na hakuna aliyekufa.

Ila nataka usafiri ukiwa mzima. Kwa hiyo nimefanya jambo bila kukuuliza, na hili unaweza kunigombeza njiani. Nimempigia simu mwalimu mkuu wako. Nilikusudia kumwambia una malaria. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha nikamwambia, "Mwalimu, binti yangu ana ugonjwa wa njia ya mkojo, dawa hakumaliza, na naogopa umefika kwenye figo." Nilisema yote kwa sauti yangu ya kawaida, kwa mwanamke nisiyemjua, katika nchi ya watu. Akasema, "Pole sana, mzee. Hata mimi uliwahi kunilaza. Mtibuni kwanza, vipindi vyake nitamgawia mwenzake mpaka apone. Nafasi ni yake." Kisha akauliza unapenda kulala chumba cha peke yako au na mwenzio. Nikasema sijui, atakwambia mwenyewe.

Kwa hiyo basi la kesho likitaka liende. Kliniki ina mlango wa usiku, niliuliza. Dereva wa boda boda nimemwambia asubiri pale chini na mwenzake, na hawajui tunakwenda wapi.

Nasikia Nakato anamalizia, anakwambia ujitazame kwenye kioo. Ukiingia nitakupa karatasi hizi na kutoka nje ili usinione uso. Ukimaliza kusoma, usitafute maneno ya kunijibu. Vichukue vile vidonge ulivyovifunga, tukamwonyeshe nesi. Vaa sweta, kuna baridi. Mimi niko mlangoni, viatu nimeshavaa.

Baba yako